Ng'ombe Aliyekizunguka Kisima

"Ng'ombe hapindi mwenyewe, muulize mshika kamba."

Bi Mwanamvua aliyatupa maneno hayo bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka, akaendelea na kazi yake kama mtu aliyekwisha kata shauri. Vijana saba waliojaa barazani pake walitazamana. Walikuwa wamekuja kuazima mipini ya majembe yake wakapigane. Wavu wa goli lao ulikuwa umetoweka uwanjani tangu jana, na walikuwa na hakika kwamba vijana wa mtaa wa juu ndio walioung'oa.

"Bibi, ng'ombe gani tena?" akauliza mjukuu wake, Feruzi. "Sisi tunazungumza habari ya wavu."

"Na mimi nazungumza habari hiyo hiyo. Kaeni chini. Mipini haina miguu, haitakimbia."

Wakakaa. Bi Mwanamvua akavuta pumzi ya mtu aliyechoka kurudia mambo yale yale kwa watu wale wale.

Maneno haya yana mwanzo wake, akasema, na mwanzo wenyewe ni huu.

Zamani, kabla Mreno hajatia nanga katika pwani hizi, palikuwa na kisiwa chenye miji miwili ya mawe, Shumwi na Mdandoni. Haikuwa mbali kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mtu aliweza kubeba chungu cha mchuzi akafika nao haujapoa. Walioana, walizikana, waliazimana vyombo vya harusi. Baina yao palikuwa na kisima cha maji matamu. Kisima kilikuwa cha Mdandoni, lakini watu wa Shumwi waliruhusiwa kuteka baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa visima vyao wenyewe vilikuwa na maji ya chumvi chumvi. Mpango huo ulidumu vizazi na vizazi, na ungedumu zaidi kama binadamu angekuwa na akili ya kukiacha kizima kibaki kizima.

Watu wa Shumwi walikuwa na mila yao. Kila Siku ya Mwaka, ng'ombe dume alizungushwa mji mzima kabla ya kuchinjwa, ili mwaka mpya uingie bila maradhi wala balaa. Aliyemwongoza aliitwa mshika kamba, na kazi yake ilikuwa na masharti. Alitangulia peke yake na ng'ombe, na mji wote, Jumbe akiwemo, ukafuata hatua mia nyuma ukisoma dua huku macho yakitazama chini. Hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia. Tena, tangu aikamate kamba mpaka ale kipande cha kwanza cha ini la ng'ombe yule, mshika kamba hakutakiwa kutamka neno. Akikanyaga mwiba, anyamaze. Akiona nyumba yake inaungua, anyamaze.

Mshika kamba wa wakati huo alikuwa Mwinyi Dadi, mtu mzima wa ndevu nyeupe, mjane, mwenye mtoto mmoja tu duniani. Mtoto huyo ni Mwana Jaha, aliyeolewa Mdandoni na fundi wa kuchonga milango aitwaye Shali. Mwana Jaha alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila alasiri Mwinyi Dadi alichukua mtungi akaenda kisimani, na binti naye akaja, wakakaa ukingoni wakazungumza mpaka mtungi usahaulike. Maji yalikuwa kisingizio tu. Furaha ya mzee yule yote ilikuwa pale kisimani.

Basi Siku ya Mwaka ikafika. Mwinyi Dadi akamtoa ng'ombe, dume jekundu lenye nundu, akaanza kumzungusha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye mkunazi, mahali ambapo njia hupinda kurudi mjini. Kwenye tawi la chini kabisa, usawa wa kichwa cha ng'ombe, palining'inia kundi la nyuki waliohama, kubwa kama gunia.

Mwinyi Dadi akaikaza kamba. Alipokuwa mdogo nyuki walimuuma, akavimba hata mama yake akalazimika kuipasua kanzu ili aitoe mwilini. Tangu hapo alikuwa akiwaogopa kuliko chui. Lakini tuseme kweli, hata asiyeogopa asingempitisha ng'ombe pale. Dume likiumwa lingegeuka na kuwarukia watu waliokuwa nyuma, wazee na watoto. Kusema hakuruhusiwa. Basi akaivuta kamba kulia, akashika kijia cha mashamba, akapita nyuma ya kisima, akarudi mjini kwa upande wa pili. Hatua arobaini zilizidi, basi. Yeye akili yake ilikuwa kwenye nyuki.

Watu waliokuwa nyuma hawakuona nyuki. Macho yao yalikuwa chini, kwenye nyayo, na nyayo ziliwaonyesha ng'ombe kapinda. Na alipopinda alikizunguka kisima cha Mdandoni, akakiweka ndani ya mzunguko wa mji wa Shumwi.

"Allahu akbar!" akapaza sauti Jumbe Hamdu, mtawala wa Shumwi. "Mmeona? Ng'ombe amechagua!"

Sasa huyu Jumbe Hamdu alikuwa akikitamani kile kisima miaka mitatu mizima. Mwenye kikohozi hatafuti maji kwa juhudi kama aliyokuwa nayo yeye kutafuta kisababu. Kabla ng'ombe hajachunwa, neno lilikuwa limekwisha enea mji mzima: Mwaka umewapa Shumwi kisima. Vijana waliokuwa na mikuki mipya isiyojua kazi wakashangilia kuliko wote. Wakakata ukanda wa ngozi mbichi ya yule ng'ombe, wakaenda kuufunga kwenye nguzo ya kisima.

Mwinyi Dadi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa heshima akingoja ini lichomwe, mdomo umefungwa kwa mila, jasho linamtoka. Ini lilipofika alilimeza bila kulitafuna.

"Jumbe," akaanza.

Lakini hapo ndipo alipovishwa kilemba cha hariri. Watu wakamsifu. Wazee ambao miaka yote walimwita mchunga ng'ombe wakamwita mwenye baraka. Na mimi simtetei, wanangu. Akanyamaza. Akajiambia kwamba ni siku ya furaha, asiwaharibie watu karamu, atasema kesho. Kesho! Maradhi mangapi ya dunia hii yameanzia kwenye neno hilo?

Kesho yake asubuhi wanawake wa Mdandoni walikwenda kuteka maji wakakuta ngozi inayonuka kwenye nguzo yao. Wakaing'oa. Kijana mmoja wa Shumwi aliyewekwa pale kulinda akamsukuma mwanamke, na mtungi ukavunjika. Wanaume wa Mdandoni wakaja wakasema kwamba watu wa Shumwi si waungwana, ni wafuata mkia, waendao popote ng'ombe aendako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jina lile likaumiza kuliko fimbo, kwa sababu lilikuwa karibu sana na kweli.

Mwinyi Dadi alipopata habari alikwenda mbio kwa Jumbe, kilemba cha hariri mkononi.

"Jumbe wangu, ng'ombe hakuchagua kitu. Ni mimi niliyemvuta. Mkunazini palikuwa na nyuki."

Jumbe Hamdu akamtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. "Nyuki?"

"Nyuki, Jumbe. Kundi zima. Nenda kawatazame."

Akatumwa mtu. Akarudi akasema mkunazi ni mkunazi, hauna hata nzi. Nyuki walikuwa wamekwisha kwenda zao, kama nyuki wa kuhama wafanyavyo.

"Jumbe, naapa walikuwepo."

"Sikatai," akasema Jumbe. "Huenda walikuwepo. Lakini jiulize, Mwinyi Dadi, ni nani aliyewaleta nyuki hao mahali hapo, siku hiyo, saa hiyo?"

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Ukimwambia ng'ombe hakupewa ishara, anakwambia nyuki ndio ishara. Ukimwambia hapakuwa na nyuki, anasema tazama, amepinda bila sababu! Milango yote ya hoja ilifunguka kuelekea kisimani.

"Basi tuma mtu Mdandoni akaombe radhi kwa ule mtungi tu," akasihi. "Mtungi mmoja, Jumbe. Binti yangu yuko kule."

"Mimi niombe radhi? Waliotuita wafuata mkia ni wao. Waanze wao."

Mzee akakitua kilemba mlangoni, akashika njia ya Mdandoni kwa miguu yake.

Mwana Jaha alimkuta baba yake amesimama uani, vumbi mpaka magotini. Shali alikuwa kwenye baraza ya ndani akichonga ubao wa mlango, mlango wa chumba cha mtoto atakayezaliwa. Alikuwa amemaliza upande mmoja; wa pili ulikuwa na alama za mkaa tu.

"Shikamoo, baba. Kaa kwanza, unywe maji."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuja kukuchukua. Mambo yanaharibika."

Binti akamtandikia mkeka.

"Baba, kwa nini ulimvuta ng'ombe huku?"

Mwinyi Dadi akaketi. Siku nzima alikuwa amezungukwa na watu waliouliza ng'ombe alitaka nini, Mwaka ulitaka nini, Mungu alikusudia nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye, na kamba ilikuwa mkononi mwake.

"Nyuki," akasema, na machozi yakamtoka. "Nyuki, mwanangu. Pale mkunazini."

"Nilijua tu," akasema Mwana Jaha. "Nilipoambiwa ng'ombe wa Shumwi amepewa ufunuo, nikasema, baba ameona nyuki."

Shali akaweka patasi chini akacheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akavaa kanzu yake. "Twendeni kwa Mwana Mize, wote watatu. Jambo hili litakwisha leo."

Mwana Mize ndiye aliyetawala Mdandoni, mwanamke mwenye akili nyingi, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mjinga angalau una la kumsamehe. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Wala hakubisha.

"Nakuamini, Mwinyi Dadi," akasema. "Ni nyuki. Hadithi ya kipuuzi kiasi hiki haiwezi kuwa ya uongo."

"Alhamdulillahi! Basi, Mwana, sema na watu wako."

"Niwaambie nini? Kwamba mtungi wetu umevunjwa, mwanamke wetu amesukumwa, na sisi tumenyamaza kwa ajili ya nyuki? Kesho kila mwenye ng'ombe atakuja kunizungushia nyumba. Jumbe wako anajua kuwa ni nyuki?"

"Anajua. Nimemwambia kwa kinywa changu."

"Basi aje aseme yeye."

"Anasema ninyi muanze, kwa sababu ya lile tusi."

"Na sisi tunasema yeye aanze, kwa sababu ya mtungi."

"Mwana Mize!" Mwinyi Dadi akapiga kelele, akasahau yuko mbele ya nani. "Wewe unajua ni nyuki, na yeye anajua ni nyuki! Sasa mnapigania nini?"

Mwana Mize akainamisha kichwa. "Sasa haihusu nyuki tena, mzee wangu. Nenda nyumbani."

Aliporudi kwa binti yake, Mwinyi Dadi alimwomba tena aondoke naye. Mwana Jaha akasema mume wake yuko hapa, na mlango wa mtoto wake unachongwa hapa, na yeye atabaki hapa. Mzee akarudi Shumwi peke yake kwa kijia kile kile cha mashamba. Njiani alipita penye mkunazi, akausimamia, akautukana matusi yote aliyoyajua. Mti una kosa gani? Lakini alikuwa hana mwingine wa kumsikiliza.

Walipigana Ijumaa tatu. Ijumaa ya kwanza waliumizana. Ya pili waliuana. Watu kumi na mmoja walikufa kuzunguka kile kisima, na mmoja wao ni Shali, ambaye alikwenda pale bila mkuki, mikono juu, akiwasihi shemeji zake wa Shumwi warudi makwao. Hakuna aliyejua nani alimpiga. Vita havina macho. Ijumaa ya tatu, watu wa Shumwi walipoona hawakipati kisima, wakakijaza mawe na mizoga ili asikipate mtu. Basi hapo ndipo werevu wao ulipofikia kilele: miji miwili, na maji matamu hakuna.

Kwa miezi mitatu wote wakanywa maji ya chumvi chumvi. Watoto wakaharisha, vizee vikafa. Kiu ikafanya kazi ambayo maneno ya Mwinyi Dadi hayakuifanya, wakakubali kukutana.

Walikutana penye mkunazi, kwa kuwa ulikuwa mpakani. Jumbe Hamdu na wazee wake upande huu, Mwana Mize na wazee wake upande ule. Mila ya kisiwa kile ilikuwa kwamba amani haifungwi mpaka chanzo cha ugomvi kitajwe, na pande zote mbili zikikubali. Basi wakaanza kukitafuta chanzo. Mmoja akasema ni tusi la wafuata mkia. Mwingine akasema, la, ni mtungi. Mwingine akasema ni ile ngozi. Kikatajwa kisima, kikatajwa kiburi cha babu wa Jumbe, ikatajwa mahari ya zamani ambayo hata waliooana walikuwa wamekwisha kufa. Sauti zikapanda. Kijana mmoja akainuka akashika upanga. Kwa jina la Mungu, watu wale walikuwa karibu kuanza vita vya pili kwa kugombea sababu ya vile vya kwanza!

Hapo Mwana Jaha akapita katikati yao. Alikuwa amejifungua, na kwa hiyo eda yake ilikuwa imekwisha. Mtoto wa siku arobaini alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kaniki nyeusi. Watu wakampisha, kwa kuwa mjane ana njia yake.

"Mnajua ng'ombe alipinda wapi," akasema. "Alipinda hapa mlipokaa. Tangu siku ile mmemwuliza ng'ombe, mmeuliza Mwaka, mmeuliza nyota. Ng'ombe hapindi mwenyewe. Mshika kamba yule pale. Muulizeni."

Mwinyi Dadi alikuwa amekaa mwisho kabisa wa mkeka, amekonda, kofia imemzidi kichwa. Jumbe Hamdu akakohoa.

"Mwinyi Dadi. Kwa nini ulipinda?"

"Nyuki," akasema mzee. Akanyoosha kidole kwenye tawi la chini. "Walikuwa hapo."

Wote wakainua macho wakatazama tawi. Tawi tupu, lenye kunazi mbili tatu. Mtu mmoja kwa nyuma akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

"Mbona hukutuambia?" akauliza mzee mmoja wa Shumwi.

Mwinyi Dadi akainuka. "Sikusema? Mimi sikusema? Siku ya kwanza nilikaa kimya, na kwa siku ile Mungu atanihukumu. Ya pili nilisema! Nilisema kwa Jumbe, nikasema kwa Mwana Mize, nikasema mpaka koo likakauka! Mmoja akaniambia nyuki ni ishara, mwingine akaniambia haihusu nyuki. Sasa niambieni ninyi. Mkwe wangu amekufa kwa ajili ya nini? Mjukuu wangu akikua akiniuliza, nimjibu nini? Nimwambie nini, Jumbe?"

Jumbe Hamdu akavua kilemba. Mwana Mize alijifunika uso kwa ushungi. Mtoto akalia, na Mwana Jaha akamshusha akamnyonyesha pale pale mbele ya wazee, na hakuna aliyemkataza.

Amani ikafungwa siku hiyo. Chanzo kilichotajwa kilikuwa nyuki, na pande zote mbili zikakubali kwa aibu. Kuanzia mwaka ule Shumwi wakaongeza jambo kwenye mila yao. Ng'ombe akishazungushwa, kabla hajachinjwa, kabla mtu hajafungua kinywa kusema ameona ishara gani, Jumbe humwendea mshika kamba akamuuliza mbele ya watu wote, "Umepita wapi, na kwa nini?" Na sharti la kunyamaza linakwisha hapo hapo.

Mwinyi Dadi aliulizwa mwaka wa kwanza. Alikuwa ameishika kamba kwa mara ya mwisho.

"Nimepita njia ya zamani," akajibu. "Hapakuwa na nyuki. Na kule nyuma, palipokuwa na kisima, hapana kisima."

Bi Mwanamvua akaukata ukili kwa meno, akautua mapajani. Mlango wa Shali, wenye nakshi upande mmoja na upande wa pili alama za mkaa tu, kila mmoja wa vijana wale alikuwa akiuona akilini.

"Haya," akasema. "Huo uwanja wenu unafagiliwa na nani?"

"Na Mzee Bakame," akajibu Feruzi.

"Mmemuuliza?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemuuliza. Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli, juzi Mzee Bakame alikuwa akilalamika wavu una matundu na unahitaji kushonwa.

"Lakini Bibi," akasema Feruzi, "hata kama ni yeye aliyeuchukua, wale wa mtaa wa juu jana walitutukana."

Bi Mwanamvua akamtazama mjukuu wake. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Waliwatukana baada ya ninyi kuwaita wezi, au kabla?"

Feruzi akainamisha macho.

"Inukeni," akasema Bi Mwanamvua. "Mipini ya majembe yangu iacheni ukutani. Nendeni kwa Mzee Bakame, mumpe shikamoo kwanza, halafu mumuulize kwa adabu. Mkitoka kwake, piteni mtaa wa juu. Na nisisikie nani aanze. Ng'ombe hapindi mwenyewe, muulize mshika kamba."